Deni la Nyumba na Barua ya Dalali

Wahenga wetu walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna mtu mwenye akili timamu aliyepata kuukanusha usemi huo. Lakini wahenga hawakutuambia lifanyweje deni ambalo mdaiwa hakujua kuwa lingalipo, na mdai naye hakukumbuka kulidai mpaka lilipokwisha kuzaa adhabu, riba na ujira wa dalali. Deni la namna hiyo limepata kubisha hodi katika nyumba za wafanyakazi wengi wa nchi hii. Tunasema juu ya kodi ya majengo, nayo ni kodi ambayo kila mwenye nyumba mjini anapaswa kuitoa ili mji wake upate mitaro, taa na barabara zipitikazo. Twapenda leo kulizungumza jambo hili kwa uwazi, maana linawahusu watu wa kipato kidogo kuliko matajiri. Tajiri ana karani wa kumtunzia hesabu zake. Mfanyakazi karani wake ni kumbukumbu yake mwenyewe, na kumbukumbu huchoka.

Mwaka 2015 mwandishi wa makala haya alikwenda likizo katika mji mmoja wa bara, ambao hatuna haja ya kuutaja jina. Huko alimkuta jirani mmoja wa marehemu baba yake, mfanyakazi wa reli aliyestaafu kwa hiari akiwa na umri wa miaka 55, ameketi barazani na barua mkononi. Barua ile haikutoka kwa halmashauri ya mji. Ilitoka kwa dalali, nayo ilisema kwamba mzee yule anadaiwa kodi ya majengo ya miaka minne, shilingi 60,000. Adhabu ya kuchelewa, shilingi 25,000. Na gharama za ukusanyaji, shilingi 45,000. Jumla shilingi 130,000, zilipwe katika siku 14, la sivyo vyombo vya nyumbani vitatolewa nje na kuuzwa.

Mzee alikuwa ameikalia barua hiyo siku tisa. Hakuwaambia watoto wake. Hakumwambia mwenyekiti wa mtaa. Alituambia sisi kwa sababu tulimkuta anaisoma, na alipoisoma kwa sauti aliona haya kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Tulimwuliza kama aliwahi kuilipa kodi hiyo. Alijibu kwamba mambo ya karatasi yalikuwa ya mke wake, naye mke wake alifariki miaka miwili iliyopita.

Tuliliteremsha kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, na stakabadhi zilizofungwa kwa uzi, mwaka baada ya mwaka, kwa mkono wa mwanamke asiyependa deni. Miaka miwili kati ile minne iliyodaiwa ilikuwa imelipwa, na mhuri wa halmashauri ulionekana wazi. Miaka miwili mingine haikulipwa. Hiyo ndiyo miaka ambayo mama yule hakuwapo tena.

Kwa hiyo ukweli ulikuwa kati ya dalali na mzee. Dalali alidai shilingi 60,000 za kodi. Mzee kwa haki alidaiwa shilingi 30,000. Kesho yake tulikwenda pamoja na diwani wa kata mpaka kwa mweka hazina. Daftari lilifunguliwa, stakabadhi zikalinganishwa nalo, makosa yakaonekana. Hesabu ilisahihishwa, adhabu na gharama zikapunguzwa, na mzee akaruhusiwa kulipa kwa mafungu mawili. Wakati wa kutoka alisema neno moja ambalo hatukulisahau: "Laiti wangeniambia mwaka ule wa kwanza, ningelipa siku ile ile."

Ndugu wasomaji, katika neno hilo moja mna hoja yetu yote. Mzee hakukataa kulipa. Alisahau, na halmashauri nayo ilisahau kumkumbusha. Lakini siku ya kuadhibu ilipofika, aliyeadhibiwa kwa kusahau alikuwa mmoja tu.

Tuanze na upande wa raia, maana si desturi yetu kuwasifu wananchi kwa makosa yao. Kusahau hakufuti deni. Wako watu ambao husema, "Hawakuniletea karatasi, basi sidaiwi." Hayo ni makosa. Nyumba yajulikana, mwenye nyumba yajulikana, na sheria ya kodi ya majengo katika miji ilitungwa tangu mwaka 1983. Wengine huchanganya malipo ya namna tatu, na mchanganyiko huo umewaingiza wengi katika deni wasilolijua. Iko kodi ya pango, ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Iko kodi ya pango la ardhi, ambayo mwenye hati hulipa kila mwaka kwa ajili ya kiwanja. Na iko kodi ya majengo, ambayo ni ya nyumba iliyosimama juu ya kiwanja hicho. Mtu huilipa moja, akaiweka stakabadhi mfukoni kwa moyo mweupe, akadhani amemaliza yote. Miaka ikipita hushangaa kuitwa mdaiwa. Huyo si mwovu, lakini ni mdaiwa hata hivyo, na inampasa kulipa.

Sasa tuuangalie upande wa pili. Kodi hii imehama mikono mara nyingi. Mwaka 1972 serikali ilianza kuzivunja halmashauri, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha. Mwaka 2008 kazi ya kukusanya kodi ya majengo katika jiji la Dar es Salaam ilipewa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2014 ikarudishwa kwa manispaa. Mwaka 2016 ikapelekwa tena Mamlaka ya Mapato, safari hiyo si kwa Dar es Salaam peke yake. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha kiwango kimoja kwa miji, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Tangu mwezi Agosti 2021 kodi imekuwa ikikatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU.

Hatusemi kwamba mabadiliko hayo hayakuwa na sababu. Twasema tu kwamba kila daftari linapohama kutoka ofisi moja kwenda nyingine, kuna kurasa zinazobaki njiani. Jina huandikwa vibaya. Nyumba iliyouzwa hubaki kwa jina la aliyeiuza. Aliyekufa huendelea kudaiwa, na aliyelipa huonekana hakulipa. Ikiwa serikali yenyewe, pamoja na makarani wake na makabati yake, yaweza kupoteza kumbukumbu, tutamshangaaje mstaafu mmoja mwenye kopo la biskuti?

Na asije mtu akatuambia kwamba watu wetu hawapendi kulipa. Mwezi Julai 2017, siku za mwisho za kulipa kodi hii zilipokaribia, foleni zilikuwa ndefu katika ofisi za kodi za Dar es Salaam, hata ikabidi muda uongezwe. Watu walisimama juani, wazee kwa akina mama, na fedha zao mikononi. Mtu asiyependa kulipa hapangi foleni. Watu wetu hulipa wakiambiwa kiasi, mahali na siku, na wakihudumiwa kwa heshima.

Yafaa pia tukumbuke historia, kwa kuwa jambo hili la kodi ya nyumba halikuanza jana. Wajerumani waliiweka kodi ya vibanda kwa amri ya mwaka 1897, rupia 3 kwa kibanda, na asiyekuwa na rupia alitolewa kazini kwa nguvu. Waliotumwa kuikusanya walikuja na askari, hawakuja na daftari la kusomwa na wote. Waingereza nao waliendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa kwa sheria yao ya mwaka 1922. Babu zetu waliingia porini walipomsikia mtoza kodi, nao walikuwa na haki, maana fedha ile haikuwajengea wao mtaro wala shule. Kodi ya maendeleo, ambayo watu waliiona kuwa ni ile ile ya kichwa kwa jina jingine, ilifutwa mwaka 2003. Lakini hofu haifutwi kwa tangazo la serikali. Mzee wetu aliyeificha barua siku tisa alikuwa anaingia porini kwa namna yake.

Kutokana na historia hiyo twapata mafunzo mawili. La kwanza ni la raia: siku hizi kuikimbia kodi si ushujaa, maana serikali ni yetu, mji ni wetu, na mtaro usipozibuliwa ni watoto wetu wanaougua kipindupindu. La pili ni la watawala: ikiwa serikali ni yetu, basi njia za akida na askari hazina nafasi katika kukusanya kodi yake. Mtu hawezi kuambiwa asubuhi kwamba yeye ni mwenye nchi, na jioni akatishiwa kutolewa kitanda chake nje kwa deni ambalo hakuonyeshwa hesabu yake.

Juu ya madalali wenyewe hatuna chuki. Dalali ni mtu anayefanya kazi kama wengine, na wako wadaiwa wakaidi ambao hawasikii mpaka waone gari la dalali mlangoni. Lakini ieleweke jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Karani wa halmashauri hulipwa mshahara wake, deni likiwa la kweli au la makosa. Dalali hupata ujira wake katika fedha anazozikusanya, na katika barua ya mzee yule ujira huo ulikuwa mkubwa kuliko kodi ya haki yenyewe. Mtu ambaye hupata zaidi kadiri mwingine anavyodaiwa zaidi hana haraka ya kutafuta makosa katika hesabu. Ndiyo sababu kazi ya kuhakikisha deni haiwezi kuachwa mikononi mwake. Halmashauri yapaswa kuifanya kabla ya kumkabidhi dalali hata jina moja.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu kwa wote wenye mamlaka ya kudai. Kwanza, taarifa ya deni imfikie mdaiwa mkononi, kwa maandishi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikionyesha kila mwaka peke yake. Wenyeviti wa mitaa wanazijua nyumba zao, na wanajua ni nani amekufa, nani amehama na nani amelazwa. Watumiwe. Pili, mdaiwa apewe nafasi ya kuleta stakabadhi zake na kusikilizwa kabla adhabu haijaongezwa. Tatu, mali ya mtu isiguswe pasipo amri ya mahakama, na gharama za ukusanyaji zisiruhusiwe kulimeza deni lenyewe. Mambo haya hayataipunguzia serikali mapato yake. Yataiongezea, maana mtu aliyesikilizwa hulipa, na aliyetishwa hujificha.

Huenda msomaji akauliza, je, maneno haya yana faida gani siku hizi ambapo kodi hukatwa katika umeme? Yana faida kubwa. Utaratibu wa LUKU umewaondolea wengi foleni na hofu ya dalali. Jambo hilo ni jema na twalisifu. Ulianza kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwezi Julai 2023 viwango vikapandishwa kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Lakini mita nayo ni dalali wa namna yake. Haitishi mtu, lakini pia haisikilizi mtu. Nyumba ikifungwa miezi minane bila kununua umeme, deni hujilimbikiza kimya kimya, na kwa kiwango cha mwaka 2023 anayenunua tena hukuta shilingi 12,000 zimetangulia kukatwa. Hilo nalo ni deni lililosahauliwa, ila halina barua.

Na liko jambo zito zaidi, hasa kwa wafanyakazi. Mwenye kupaswa kutoa kodi ya majengo ni mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Katika nyumba zetu za vyumba sita na ukumbi katikati, wapangaji huchangishana fedha za umeme, na kodi ya tajiri wao huondoka humo humo. Serikali ilisema tangu mwanzo wa utaratibu huo kwamba mpangaji apatane na mwenye nyumba ili arudishiwe. Ni maneno mazuri. Lakini ni wapangaji wangapi, wenye kuomba kila mwezi wasipandishiwe kodi ya chumba, wenye ujasiri wa kumdai mwenye nyumba shilingi 18,000 kwa mwaka? Twawaambia wenye nyumba bila kuficha: fedha hiyo ni deni lenu. Mkiinyamazia kwa kuwa mpangaji wenu amenyamaza, ninyi ndio mnaokwepa kodi, hata kama mita imekwisha kuikata. Iandikwe katika mkataba wa pango, na ipunguzwe katika malipo ya mwezi. Mwenye nyumba mwungwana hangoji kukumbushwa.

Sasa tuwageukie wale ambao leo wana barua mezani, au wana wasiwasi kwamba itakuja. Shauri letu ni hili.

Usiifiche barua. Siku tisa alizokaa nayo mzee wetu zilikuwa siku tisa za kukosa usingizi, na hazikumpunguzia hata senti moja. Mwonyeshe mtu wa nyumbani mwako, na kama huelewi lugha yake, mpelekee mtu anayeielewa.

Usilipe kwa hofu, wala usikatae kwa hasira. Nenda ofisi inayodai, siyo kwa dalali kwanza, uombe hesabu ya mwaka mmoja mmoja. Uliza kodi ni kiasi gani, adhabu kiasi gani, na gharama kiasi gani. Hesabu ambayo haiwezi kuelezwa mbele ya mdaiwa haijawa tayari kulipwa.

Tafuta stakabadhi zako, na za aliyekutangulia kama nyumba ni ya urithi. Ukikuta kwamba sehemu ya deni ni ya kweli, kiri hapo hapo. Mtu anayekiri anachodaiwa husikilizwa anapokataa asichodaiwa. Kama huna uwezo wa kulipa kwa mara moja, omba kwa barua ulipe kwa mafungu, nawe uihifadhi nakala.

Ulipapo, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa benki au kwa simu, na uhakikishe kwamba stakabadhi imetoka kwa jina lako na kwa nyumba yako. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa na kitambulisho chenye picha na kamba shingoni. Deni lililolipwa mkononi mwa asiyehusika ni deni ambalo litalipwa mara mbili.

Wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wenye ulemavu wasio na kipato, wajue kwamba sheria imewasamehe kodi hii kwa nyumba wanayoishi. Lakini msamaha haujileti wenyewe. Ni lazima uombwe, na uthibitishwe kuanzia serikali ya mtaa. Vijana wenye wazazi wa umri huo wafanye kazi hiyo kwa niaba yao. Ni safari ya asubuhi moja. Vivyo hivyo mwenye nyumba moja yenye mita mbili aende akaeleze, kodi isije ikakatwa mara mbili kwa nyumba moja.

Mwisho, kila nyumba na iwe na kopo lake la biskuti. Tumeyasema mengi juu ya sheria na madaftari, lakini kilichomwokoa mzee wetu kilikuwa ni uzi uliofungwa na mkewe juu ya stakabadhi chache. Mama yule hakusoma sheria ya mwaka 1983. Alijua tu kwamba kilicholipwa lazima kiweze kuonyeshwa. Siku hizi ujumbe wa simu hufutika na simu huibwa. Ziandikeni namba hizo katika daftari la nyumbani, na awepo mtu wa pili katika nyumba anayejua daftari limewekwa wapi, kwa kuwa hakuna ajuaye ni nani atakayetangulia.

Wenye deni walipe, tena mapema. Wenye madaftari wayafungue na kuyasahihisha kabla ya kumtuma mtu yeyote mlangoni kwa raia. Na dalali awe wa mwisho kufika, baada ya barua, baada ya hesabu, na baada ya mahakama. Mzee yule wa reli sasa amepita umri wa miaka 60, na nyumba yake imesamehewa. Stakabadhi zake mbili za mwisho bado zimo katika kopo lile juu ya kabati, naye amezifunga kwa uzi mwenyewe.